Bagamoyo, Tanga na Pangani kwa gari: safari ya Ijumaa mpaka Jumapili kutoka Dar

Wengi wanaotoka Dar es Salaam kwenda kuiona miji ya kale ya mwambao hurudi Jumapili usiku wameiona barabara kuliko miji. Hesabu ya kilomita wanaijua, ya saa hawaijui. Bagamoyo inataka jioni na asubuhi yake, Tanga inataka jioni. Pangani inataka ufike kabla jua halijawa kali, uondoke mapema kuliko moyo unavyopenda. Ukiipanga hivyo, miji mitatu inakutosha kwa siku mbili na nusu bila kukimbizana. Ukitaka kuongeza mapango ya Amboni, mbuga ya Saadani na kisiwa cha Maziwe humo humo, hutakuwa umeona hata kimoja.

Njia yenyewe ni duara. Dar hadi Bagamoyo ni kama kilomita 65, Bagamoyo hadi Msata 64, Msata hadi Segera kama 135, Segera hadi Tanga kama 70, Tanga hadi Pangani 50, Pangani hadi Muheza kama 45, Muheza hadi Segera kama 35. Kutoka Segera unarudi Msata, Bagamoyo na Dar ulikopitia. Jumla yake ni kama kilomita 730. Weka na nyingine 50 za kuzunguka mijini.

Kwenye ramani utaona njia fupi zaidi, inayofuata pwani kutoka Bagamoyo kupitia Makurunge na Saadani mpaka Pangani. Inavutia, na kihistoria ndiyo yenyewe, maana Saadani ilikuwa mji wa Bwana Heri, aliyepigana na Wajerumani sambamba na Bushiri, kiongozi wa vita vilivyoanzia Pangani. Lakini sehemu yake inapita ndani ya hifadhi, ambako kuna geti, kiingilio na saa za kufunga, na ujenzi wa lami huko umekuwa wa vipande vipande. Kwa gari dogo, au wakati wa masika, usiiguse. Mwenye gari la juu la kuvuta magurudumu yote, anayesafiri kiangazi, aulize madereva wa Bagamoyo jioni ya Ijumaa hali ikoje wiki hiyo, kisha aamue. Maelezo yaliyobaki hapa ni ya njia ya Msata.

Gari na makaratasi

Anza na matairi. Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililozidi miaka sita halifai safari hii hata kama kashata zake bado nene, kwa sababu mpira hukauka na kupasuka likipata joto la lami ya mchana. Angalia na spea. Magari mengi yana spea iliyokaa chini ya buti tangu ilipoletwa nchini, na siku unayoihitaji ndiyo siku unayogundua haina upepo. Jeki ijaribu nyumbani, na spana ya magurudumu ihakikishe inaingia kwenye nati zako. Kama rimu zimebadilishwa, mara nyingi spana ya zamani haiingii. Upepo ujaze asubuhi tairi zikiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva. Usikubali kipimo cha kukisia cha fundi wa pancha.

Maji ya rejeta yaangalie injini ikiwa baridi. Kati ya Msata na Mkata jua la mchana ni kali na malori huwa mengi, kwa hiyo utatembea polepole nyuma ya lori kisha utakanyaga mafuta kulipita, tena na tena. Rejeta inayovuja kidogo mjini bila kuonekana, huonekana hapo. Beba lita tano za maji ya gari peke yake, mbali na ya kunywa.

Kwenye makaratasi na vifaa: leseni yenyewe mkononi, bima isiyoisha muda, pembetatu mbili za kuakisi mwanga, na mtungi wa kuzimia moto uliokaguliwa. Askari wa usalama barabarani huomba kuviona hivyo kwanza. Faini ya kosa moja ni shilingi 30,000, huandikwa kwa mashine na kutolewa kumbukumbu namba ya kulipia kwa simu. Usimpe mtu yeyote fedha taslimu.

Mafuta: gari la injini ya cc 1500 hutumia kama lita moja kwa kilomita 12 au 13 katika mwendo wa njia hii, yaani lita 60 au 65 kwa safari nzima. Gari la cc 2000 la kwenda juu kidogo lihesabie 80. Vituo vipo Bagamoyo, Msata, Mkata, Segera, Muheza na Tanga. Jaza Tanga Jumamosi usiku kabla ya kwenda Pangani, usitegemee kujaza huko. Fedha taslimu toa Bagamoyo na Tanga. Wasimulizi wa mji, wauza madafu na akina mama wa vitumbua wengi hupokea kwa simu, ila mtandao ukikatika unabaki unatazamana nao.

Tochi na vibao vya 50

Kuna jambo moja linaloharibu safari ya Tanga kuliko pancha, nalo ni mwendo kasi vijijini. Barabara kuu ya Chalinze hadi Segera inapita katikati ya vijiji na vituo vingi: Mandera, Mbwewe, Manga, Mkata, Kabuku, Michungwani. Kila kimoja kina kibao cha 50 kinapoanza, na mwendo huo unakuhusu mpaka uone kibao cha 50 kilichokatwa mistari. Wengi hukosea hapo. Wanaona nyumba zimeisha, wanakanyaga mafuta, kumbe kibao cha kuruhusu kiko mita 300 mbele na askari mwenye tochi ya kupimia mwendo amesimama kabla yake, chini ya mti. Utapigwa picha hapo, na mwenzake atakusimamisha kilomita mbili mbele.

Dawa yake ni ndogo. Mpe abiria wa mbele kazi ya kusoma vibao kwa sauti: "hamsini" ukiingia, "imeisha" ukitoka. Ukifuata hivyo, wastani wako wa njia nzima utakuwa kilomita 55 au 60 kwa saa, na ndio uliotumika kwenye ratiba ya hapa. Mtu akikwambia amekwenda Tanga kwa saa tatu na nusu, usipange safari yako kwa maneno yake.

Ukiona matawi ya miti yamelazwa barabarani, kuna gari bovu mbele, mara nyingi lori lililosimama ndani ya njia yako kwenye kona au mlimani. Punguza mwendo papo hapo. Usiku matawi hayo huyaoni mpaka umeyakanyaga, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kutotembea njia hii baada ya saa 1 usiku.

Ijumaa jioni: Bagamoyo

Toka Dar kabla ya saa 8 mchana. Baada ya saa 9 Mwenge hadi Tegeta ni foleni, na kilomita 65 zinaweza kukula saa tatu. Anayetokea upande wa Kimara au Mbezi apite Goba na Madale, atokee Tegeta. Kuanzia Bunju barabara inafunguka, unapita Mapinga na Kerege, na ukifika Bagamoyo saa 10 jioni jua limeanza kulala na kuta za Mji Mkongwe zinaonekana vizuri kuliko saa yoyote nyingine.

Egesha gari, tembea. Mji Mkongwe wote ni mwendo wa miguu wa saa moja na nusu, na ndani ya gari hutaona milango. Mchukue msimulizi wa hapo hapo. Kabla hamjaondoka patana naye mambo matatu: bei ya kundi zima badala ya kichwa kimoja kimoja, sehemu mtakazopita, na kama viingilio vimo ndani ya bei au la. Ugomvi mwingi wa wageni na wasimulizi hutokana na hilo la tatu.

Mwambie akuanzie Ngome Kongwe, iliyojengwa na Abdallah Selemani Marhabi mwaka 1860, kisha mshuke kwenye Boma la Wajerumani la 1897. Ukisimama kati ya majengo hayo mawili utajifunza kusoma nyumba zote za safari hii. Nyumba ya Kiswahili ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, na dari yake imebebwa na boriti za mikoko. Boriti nzuri haifiki mbali, mita mbili na nusu au tatu hivi, kwa hiyo vyumba ni vyembamba na virefu. Upana wa chumba unakupa urefu wa mti. Boma la Kijerumani lina kumbi pana na matao ya roshani, kwa sababu mjenzi wake alikuwa na vyuma na nguzo nzito. Ukiona chumba kipana ndani ya nyumba inayosemwa ni ya kale sana, uliza kilipanuliwa lini.

Angalia na lipu. Palipopigwa lipu ya saruji juu ya ukuta wa matumbawe, rangi inabambuka na ukuta unatoa unga wa chumvi. Chokaa huupa ukuta nafasi ya kupumua, saruji huifungia unyevu ndani, na mawe yanalainika taratibu mpaka yanaporomoka. Nyumba nyingi za Bagamoyo na Pangani zinakufa kwa ukarabati wa namna hiyo, uliofanywa kwa nia njema kabisa. Mwenye nyumba ya urithi katika miji hii asiguse mfuko wa saruji kabla hajamwona fundi wa chokaa.

Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya kwanza ya utawala wa Wajerumani mpaka mwaka 1891 walipohamia Dar es Salaam, na kabla yao ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora ikileta pembe za ndovu na watumwa. Msimulizi atakueleza maana ya jina, bwaga moyo. Msikilize, kwa kuwa lina tafsiri zaidi ya moja na kila moja ina watu wanaoishikilia.

Malizia soko la samaki. Chakula cha jioni ni hapo: pweza, ngisi na samaki wa kukaanga, wa asubuhi au wa mchana ule ule. Samaki mchague kabla hajakatwa. Jicho liwe limejaa na linang'aa, shavu ndani liwe jekundu. Lililogeuka kahawia mwachie mwenyewe.

Jumamosi asubuhi: Kaole, kisha misheni

Kaole iko kusini ya mji, kama kilomita tano. Fika saa 2 asubuhi kabla joto halijapanda, maana kivuli ni kidogo. Ni magofu ya misikiti miwili, wa kwanza wa karne ya 13, pamoja na makaburi ya mawe, mengine yenye nguzo ndefu. Kwenye nguzo za makaburi ya pwani walipachika bakuli za kaure kutoka Uchina. Mara nyingi leo utaona matundu ya mviringo tu, bakuli zimeondolewa. Vipande vyake viko ndani ya nyumba ndogo ya makumbusho hapo hapo, kwa hiyo anza makumbusho ndipo utoke kwenye makaburi, utajua matundu yale yalikuwa ya nini. Muulize mhifadhi bahari iko wapi. Mji huu ulikuwa bandari, na leo mikoko imejaa palipokuwa maegesho ya majahazi.

Ni makaburi, na watu bado huja kuomba dua. Vaa nguo ya heshima, usikae juu ya kaburi kupiga picha, na watoto waambieni kabla hamjashuka garini.

Saa 3 na nusu uwe misheni, upande wa kaskazini. Mapadre wa Roho Mtakatifu waliianzisha mwaka 1868, na mbuyu wanaosema ulipandwa mwaka huo bado upo. Makumbusho yake yanafaa kupewa saa nzima. Kwenye mnara wa kanisa la zamani ulilazwa mwili wa Livingstone tarehe 24 Februari 1874, baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba kwa miguu kutoka bara, mwendo wa miezi. Watu hupiga picha ya mnara wakaondoka. Simama kidogo kwenye sehemu inayoeleza kijiji cha uhuru, mahali walipokaa watu waliokombolewa utumwani, kwa sababu hiyo ndiyo habari ya Bagamoyo yenyewe.

Saa 5 ondoka. Usibaki kwa chakula cha mchana. Nunua maji na kitu cha kutafuna, mtakula Mkata au Segera, ambako vibanda vya mishkaki, ndizi na wali havina siku ya kufunga, isipokuwa mchana wa Ramadhani. Mwezi huo beba chakula chako na ule garini, huku madirisha yamefungwa kwa heshima ya waliofunga.

Msata hadi Tanga

Bagamoyo hadi Msata lami ni nzuri na magari machache, na kwa sababu hiyo watu hupitiwa na usingizi. Badilishaneni usukani Msata. Kutoka hapo unaingia barabara kuu ya kaskazini, unavuka mto Wami, na mambo ya tochi yanaanza. Kupita lori kwenye milima ya Wami usijaribu kama huoni upande wa pili wote. Mabasi ya mikoani yanayotoka Arusha na Tanga hukutana nawe hapo, nayo yanashuka kwa kasi.

Segera ni njia panda: kushoto Moshi na Arusha, kulia Tanga. Baada ya Hale mashamba ya mkonge yanaanza, na Muheza kuna machungwa. Nunua wakati wa kurudi, yasije yakalala kwenye gari la moto.

Ukifuata saa hizi utaingia Tanga saa 10 na nusu au 11 jioni, mwanga upo wa kutosha. Mji umekatwa na reli. Upande wa bahari ni mji wa serikali na bandari, upande wa bara ni Ngamiani, na barabara za Ngamiani zina namba badala ya majina: Barabara ya Kwanza, ya Pili, na kuendelea. Ukiambiwa "hoteli iko ya Nane", umeshaelekezwa, hesabu tu. Waendesha baiskeli ni wengi kuliko mji wowote utakaopita, na gizani wengi hawana taa. Endesha kwa mwendo wa kutembea.

Kabla jua halijazama pita mnara wa saa na bustani ya Jamhuri, uitazame bandari na kisiwa cha Toten. Kisha endesha mpaka Raskazone, mashariki ya mji. Kwenye ufuko wa upande huo ndiko walikoshushwa askari wa jeshi la Uingereza kutoka India, Novemba 1914, wakaamini mji utachukuliwa kwa siku moja. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alileta askari wake kwa treni kutoka Moshi. Reli ile, iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893, ndiyo iliyoamua vita. Waingereza walirudi melini tarehe 5, wakaacha bunduki na risasi nyingi ufukweni. Nyuki waliovurugwa mizingani na kuwavamia wapiganaji si hadithi ya vijiweni, walikuwapo.

Makumbusho ya Urithi yamo ndani ya Boma la zamani karibu na bandari. Ukifika yamefungwa, usijilaumu: picha zake za mji wa Wajerumani ni nzuri, lakini mji wenyewe uko nje na hauna kiingilio.

Chakula cha usiku ni Ngamiani. Tafuta penye moshi na foleni ya watu wa mtaa. Mkate wa kumimina unapikwa jioni na huisha mapema, kwa hiyo ulizia huo kwanza, ndipo uagize kingine.

Jumapili: Tongoni na Pangani

Lala mapema, maana siku hii inabana. Saa 12 na nusu asubuhi uwe barabarani kuelekea kusini. Utapita Machui, na Vibambani ya hapo ndiko alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Mpenzi wa Kiswahili hawezi kupita bila kupunguza mwendo.

Tongoni iko kama kilomita 17 kutoka Tanga, chepuko lake upande wa bahari. Pana gofu la msikiti na makaburi zaidi ya 40, mengi ya nguzo, baadhi zimesimama na baadhi zimelala chini palipoangukia. Baada ya Kaole macho yako yatakuwa yamezoea, na hapa utaona tofauti ya mikono ya mafundi: paneli za ukutani, kingo zilizochongwa, matundu ya bakuli. Karibu na pwani hii Vasco da Gama aliichoma moto meli yake moja, São Rafael, Januari 1499, kwa sababu mabaharia waliobaki hawakutosha kuendesha meli tatu. Dakika 45 zinatosha. Mlinzi asipokuwapo, uliza nyumba za jirani, na kiingilio lipia hata kama hakuna anayekudai, udai risiti.

Pangani ufike saa 2 na nusu au saa 3. Mji umekaa kwenye mdomo wa mto, na unatosha kutembea kwa saa mbili. Hapa ndipo mambo ya Bagamoyo yanapopata mwisho wake. Agosti 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipokuja kushika mamlaka ya mwambao, Pangani ndiko watu walikoanza kukataa, na Bushiri bin Salim akawa kiongozi wao. Vita vilisambaa mpaka Bagamoyo. Wissmann, kamanda wa Kijerumani, alifika mwaka 1889 na jeshi la kukodi, na Desemba 15 mwaka huo Bushiri akanyongwa hapa hapa Pangani. Ukianza safari Bagamoyo na kuishia Pangani, unavifuata vita hivyo hadi vilipomfikisha kiongozi wake. Kwa hiyo tunasisitiza utaratibu huu badala ya kuanza na Tanga.

Boma la Pangani, lenye milango ya nakshi, ni ofisi ya serikali. Usipige picha kabla hujaomba ruhusa, na Jumapili kama hakuna wa kumwomba, tazama kwa macho. Wenyeji husimulia kwamba watumwa walizikwa wakiwa hai chini ya nguzo zake. Lisikilize simulizi hilo kama linavyosimuliwa, kwa utulivu. Kisha fuata barabara ya mtoni, penye nyumba za ghorofa za wafanyabiashara na maghala ya zamani, uone jinsi zinavyobomoka kuanzia juu: bati likiondoka mvua inaingia kwenye boriti, boriti ikioza sakafu inashuka, na ukuta ukikosa boriti za kuushikilia unaegemea barabarani. Usiingie ndani ya nyumba isiyo na paa, hata mlango ukiwa wazi.

Ng'ambo ya mto ni Bweni, na kusini ya hapo ni Kikogwe. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, ikafika 62 iliyo hai, na hiyo ndiyo iliyopandwa huko. Kilimo cha mkonge ulichokiona jana tangu Hale kilianzia kwenye ile michache.

Maziwe tunaiacha kwa mwenye Jumatatu ya mapumziko. Ni fungu la mchanga baharini ambalo hufunikwa maji yakijaa, kwa hiyo mashua hupangwa kwa maji kupwa. Kanuni ya pwani hii ni rahisi: siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa kabisa saa 4 au 5 asubuhi, na kila siku inayofuata husogea mbele kama dakika 50. Wikiendi inayoangukia bamvua ndiyo ya Maziwe. Wikiendi ya maji mafu, yasiyopwa sana, mwenye mashua akikwambia fungu lipo, muulize lipo kwa saa ngapi.

Kurudi

Saa 6 mchana uwe umeliwasha gari, si umekaa unasubiri wali. Kutoka Pangani kuna njia mbili za kufika barabara kuu. Ya Muheza ni fupi, ila ni ya udongo: kiangazi kama saa moja na nusu, yenye matuta madogo mfululizo yanayotikisa gari mpaka nati zinalegea. Kilomita 30 au 40 kwa saa ndio mwendo wake. Ukiona gari linaelea kwenye kona, upepo wa tairi si tatizo, tatizo ni mguu wako. Baada ya mvua kubwa udongo wake unateleza kama sabuni, na gari dogo halitatoka. Siku hiyo rudi Tanga kilomita 50, kisha ufuate lami mpaka Muheza. Umeongeza kilomita 40 hivi, lakini saa utazikuta zile zile. Uamuzi ufanye Pangani, kwa kuwauliza bodaboda waliotoka Muheza asubuhi hiyo. Ukishaingia, nafasi za kugeuzia gari ni chache.

Muheza simama dakika 15, machungwa na kukaza nati za magurudumu. Hilo la nati usilidharau baada ya njia ya udongo.

Kutoka Muheza hadi Msata ni saa tatu. Ukifika Msata saa 11 au kabla, pinda kushoto kuelekea Bagamoyo. Ukinyoosha Chalinze utaingia kwenye foleni ya malori na mabasi ya Morogoro, na Mlandizi hadi Kibaha Jumapili jioni haina huruma. Ukiona kiza kinakukuta kabla ya Wami, lala Mkata au Segera, zipo nyumba za wageni, uondoke saa 11 alfajiri. Piga simu kazini usiku ule ule, useme utachelewa.